Bol Si Mpira

Neno lililotuponza ni "mpira". Morogoro, nilikokulia, neno hilo lilibeba mambo mengi kuliko kile kitu cha kupigwa teke. Ukienda uwanjani, umekwenda mpirani. Mechi ikiisha, mpira umekwisha. Na mchezaji akifanya jambo la kupendeza, watu husimama na kusema, "Huo ndio mpira!" Baba yangu alikuwa mgumu wa sifa. Ripoti zangu za shule alizisoma bila kubadilisha uso. Lakini jioni, sikio likiwa kwenye redio, mtangazaji akieleza pasi iliyopenya katikati ya mabeki wawili, nilimsikia akisema taratibu, kama mtu anayeongea peke yake, "Huo ndio mpira." Nilitamani siku moja aniambie mimi.

Sasa chukua watu waliokulia kwenye neno hilo, wakalishe kwenye mabenchi ya chuma kaskazini mwa Toronto, mwezi wa Oktoba, upepo ukiwapanda miguuni, kisha waoneshe besiboli ya vyuo, mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwingine husubiri kuupiga kwa kipande cha mti. Nyuma ya mpigaji anasimama mwamuzi aliyevaa barakoa ya vyuma. Mrushaji akirusha mpira ukapita pembeni, au juu mno, au chini mno, mahali ambapo mpigaji halazimiki kuupiga, mwamuzi anatamka neno moja: "Bol!" Hilo ni kosa la mrushaji, na makosa yake yanahesabiwa.

Sisi hatukulijua hilo. Tulichosikia ni mtu mzito, mwenye mamlaka yake, akiusifu mpira.

"Amesema mpira," alitutafsiria bibi mmoja wa kanisani kwetu, Mkenya wa Nakuru, ambaye wote tunamwita Shosho, wajukuu wake na wasio wajukuu wake. "Ati huo ndio mpira."

Tukapiga makofi. "Bol!" akasema tena mwamuzi. "Mpiraaa!" tukaitikia, benchi zima, na blanketi zetu na chupa zetu za chai. Mama mmoja akapiga vigelegele. Watu wa upande wa pili wakatugeukia, nasi tukadhani wanatuonea wivu kwa uchangamfu.

Mrushaji aliyekuwa akifanya makosa hayo ni mpwa wangu, mtoto pekee wa dada yangu. Bol zikifika nne, mpigaji anatembea bure mpaka kituo cha kwanza, na aliyekuwa pale anasogea mbele. Siku ile walitembea mmoja baada ya mwingine mpaka vituo vyote vitatu vikajaa. Kisha zikaja bol nne nyingine, na yule wa mbele akaingia nyumbani, kwenye kibao kilicho miguuni pa mpigaji, akipunga mkono, timu yake ikapata pointi iliyomaliza mechi, na msimu wetu ukaishia hapo. Kijana alikuwa amesimama peke yake kwenye kile kichuguu cha katikati anachorushia, akiwasikia watu wake wakishangilia kila kosa lake, kwa lugha anayoielewa vizuri zaidi ya anavyokubali.

Ndani ya gari alikaa nyuma, kofia imeshuka mpaka puani. Tulipofika kwenye taa za kwanza akasema, kwa Kiingereza, maana huwa anajibu kila kitu kwa Kiingereza, "Anko, mwakani naomba msije."

"Nani asije?" dada akauliza.

"Wote, Mama. Na wewe."

Alikuwa amebakiza msimu mmoja tu kabla ya kumaliza chuo. Dada yangu ni muuguzi, na alimlea mtoto huyo peke yake katika nyumba ya vyumba viwili North York. Ndiye aliyempeleka mazoezini miaka yote ile, kwenye theluji, akisinzia ndani ya gari na koti lake juu ya magoti. Hakuujua mchezo. Aliijua barabara ya kwenda na ya kurudi.

"Sawa, baba," alisema. Kisha akaniuliza kama nilikumbuka kuitoa nyama kwenye friza.

Mimi si mtu wa kukaa. Nilipomaliza kidato cha nne nilianza kuhama na sijaacha. Nimekata nyama kwenye kiwanda cha Alberta, nimeendesha lori kutoka Winnipeg, nimepakia samaki Halifax, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kuzijua sura za watu wa dukani, ndipo nikafunga mizigo. Nikifika mji mpya ninaukumbuka ule niliouacha, na nikirudi nilikotoka sikipati tena kile nilichokuwa nakikumbuka. Kwa dada yangu nilifikia nikisema ni wiki chache. Mwaka ule nilikuwa nimeshapata kazi ya lori pwani ya magharibi, ya kuanza theluji ikiyeyuka. Lakini uso wa dada kwenye kioo cha gari, ile jioni, uliniganda. Sikuweza kuondoka kabla sijajua tumemfanya nini mtoto wake.

Jibu nililipata kwenye kaunta ya duka, Unionville. Mwenye duka ni mzaliwa wa Dar es Salaam, wa jamaa za Kiismailia zilizohamia huku zamani, na Kiswahili chake ni cha Kariakoo, kina mbio kuliko changu. Tunanunua kwake unga wa muhogo na majani ya chai. Nilijua anapenda besiboli kwa sababu redio ya dukani haizungumzi kitu kingine. Nikamsimulia.

"Hebu subiri," alisema. "Kijana karusha bol. Ninyi mkafanyaje?"

"Tulipiga makofi."

"Zote?"

"Zote. Na vigelegele."

Akauweka chini mfuko aliokuwa ameushika. Akavua miwani. Alicheka mpaka mkewe akatoka stoo kuangalia kuna nini. Kisha akafuta macho, akawa mpole.

"Bwana wee. Mlikuwa mnamzika mtoto wa watu kwa shangwe."

Alinieleza pale pale, akitumia kopo la maziwa na kalamu. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba wimbo alioimba harusini ni wa matanga.

"Msimu mpya unaanza lini?" akauliza.

"Septemba. Lakini ametukataza tusije."

"Amewakataza wale wasiojua. Tuna muda. Wakijua, watakuwa watu wengine."

"Na Shosho?"

"Huyo nitaanza naye."

Ndivyo tulivyojikuta, theluji imefika kwenye madirisha, tumekaa katika ukumbi ulio chini ya kanisa kila Jumamosi kwaya ikishamaliza mazoezi. Viatu vya baridi vilipangwa mlangoni vikichuruzika maji. Mchungaji alitupa televisheni, na yule mwenye duka, sasa mwalimu wetu, akaja kutoka Unionville na sahani ya kashata za mkewe, akasema anayekosea hapati. Vyuo hapa hucheza vuli tu, wiki chache kabla ya baridi. Wapenzi wengine wa mchezo huu hukaa miezi yote iliyobaki wakiusubiri. Sisi hatukuwa na nafasi ya kusubiri tu. Tulikuwa na masomo.

Siku ya kwanza ilikwama kwenye kifaa cha kupigia.

"Huyu anayeshika gongo," alianza mwalimu, nasi Watanzania tukaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza kujishtukia. Wakenya wakatutazama.

"Gongo kwetu ni pombe," nikawaeleza. "Ile ya kupikwa vichakani, ya kukimbia nayo polisi."

"Basi humu kanisani hakuna mtu anashika gongo," alisema Shosho. "Ni rungu. Endelea."

Ikawa rungu. Kisha tukafika kwenye neno lenyewe, na hapo Shosho alikataa katakata.

"Bol si ndiyo mpira?"

"Ndiyo, Shosho, lakini hapa maana yake ni kosa."

"Kwa hivyo wanacheza mpira, na mpira ni makosa? Nani aliwafunza hawa?"

"Sijui, Mama. Niliwakuta hivyo hivyo."

Tulipoona kwamba neno hilo halitaacha kutudanganya, tukaamua kulifukuza. Mpira uliopita pabaya tukauita "nje". Uliopita panapotakiwa, au ambao mpigaji ameupungia rungu akaukosa, ule ambao mwamuzi anauita straiki, tukauita "ndani". Ndani zikifika tatu, mpigaji anarudi kwenye benchi lake. Kina mama wa Tanzania walitaka tuseme "amekufa", kama tulivyosema utotoni kwenye mchezo wa rede mtu akipigwa na mpira. Shosho akasema yeye ameshazika watu wa kutosha, na mtoto wa wenyewe akienda kukaa, amekaa. Kwa hiyo tukakubaliana kusema "Kaa!", kwa ufupi, kama unavyomwambia mgeni asiyejua pa kuketi.

Dada hakuja. "Amesema tusije," alinijibu kila Jumamosi, akipiga pasi sare zake. Nilimwomba video aliyoipiga kwa simu siku ile ya Oktoba, akanitumia.

Tuliitazama mwezi wa Machi, na hilo ndilo lililokuwa somo gumu kuliko yote. Picha ilikuwa nzuri, lakini sauti ilikuwa yetu. Kila mwamuzi alipofungua kinywa, televisheni ililipuka kwa furaha yetu, na kwa mbali kijana alionekana akivuta kofia, akikanyaga udongo, akivuta kofia tena. Hakuna aliyegusa kashata.

"Huyo anayepayuka hivyo ni nani?" aliuliza Shosho.

"Ni wewe, Shosho."

"Sauti yangu si hiyo."

"Ni hiyo."

"Angekuwa mjukuu wangu," akasema Shosho, "angenifukuza hadi Nakuru."

Mwalimu aliusimamisha mrusho wa mwisho kabisa, ule uliomaliza mechi, akauonesha kwa kidole juu ya kioo. Aliurudisha nyuma, akauachia, akaurudisha tena. Tukasogea na viti. Mpira ulikuwa umepita juu ya kibao cha nyumbani, usawa wa mapaja ya mpigaji, katikati kabisa.

"Ndani," alisema mtu mmoja.

"Ndani," tukasema wote.

Shosho alisimama. "Kwa hivyo huyo mtoto aliibiwa. Na sisi tukamshangilia mwizi." Kuanzia siku ile hakukosa somo hata moja, na alianza kuwafundisha watu kwenye simu.

Nadhani habari za video ndizo zilizomleta dada. Jumamosi moja tulimwona mlangoni, na sare yake ya kazi, hajavua koti. Alisikiliza kidogo, kisha akamuuliza mwalimu, "Kaka, na akirusha nje, mama yake afanye nini?"

Mwalimu hakutania. "Unameza mate, dada. Lile limeshapita. Unasema tu, 'Inayokuja.'"

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti yako anayoijua yeye."

Akavua koti, akakaa karibu na mimi. Theluji iliyeyuka, watu wa lori wa pwani ya magharibi wakanipigia, nikawaambia wamchukue mwingine. Sikuwapa sababu. Ningeanzaje kumweleza mtu kwamba nasubiri besiboli ya vyuo?

Kijana hakujua lolote. Alikuwa na kazi yake ya likizo na mazoezi yake ya jioni, na mama yake alimwambia ana mikutano kanisani, jambo ambalo halikuwa uongo. Alitufumania Julai. Gari lake lilikuwa gereji, akaja kuchukua funguo za la mama yake. Aliposhuka ngazi alimkuta Shosho katikati ya ukumbi, amekamata ufagio begani, anawaeleza wageni wawili waliokuwa wamefika Canada juzi tu jinsi dunia ilivyo na dhuluma.

"Vituo vyote vimejaa," alikuwa akisema. "Mtoto amechoka, watu wake wenyewe wanamchanganya, lakini anarusha hivi. Hapa! Usawa wa paja! Mwamuzi anasema nje. Nje yako wapi? Ulikuwa ndani ndani ndani."

Hakuna aliyethubutu kumwambia nani amesimama nyuma yake. Dada alishika mkono wangu. Kijana alitazama ufagio, akatazama televisheni iliyosimama kwenye ule mrusho wake, akatutazama mmoja mmoja. Nilijiandaa kusikia Kiingereza.

"Ilikuwa ndani," alisema kwa Kiswahili.

Shosho aligeuka. Hakustuka hata kidogo. "Wewe pia uliona?"

"Mimi niliona. Mimi nilijua." Alitafuta neno linalofuata, akalikosa, akaonesha kwa mkono jinsi mpira ulivyopinda dakika ya mwisho na kurudi. Mwalimu akamsaidia. Wakaanza kubishana, yeye na mwalimu na Shosho, lugha mbili zikipokezana, na kijana akachukua ufagio kuonesha mahali mpigaji alipokuwa amesimama. Alikula kashata tatu akiwa amesimama. Alituuliza maswali kama mwalimu anayekagua madaftari: na mpira ukigonga rungu ukaenda pembeni? Na mkimbiaji akiiba kituo? Tulijibu. Mama wa vigelegele alijibu gumu kuliko yote, nikamwona kijana akiinua nyusi.

Shosho ndiye aliyeuliza tulichokuwa tumekihifadhi tangu Oktoba. "Sasa tuje ama tusije?"

Kijana alirudi kwenye Kiingereza, na kwenye uso wake wa kawaida. Alisema mwisho wa Agosti kuna mechi ya majaribio, timu itagawanyika icheze yenyewe kwa yenyewe, na baada ya hapo kocha atamchagua wa kuanza kurusha siku ya kwanza ya msimu. Tungeweza kuja hiyo. Baada ya hapo ataamua.

"Mtihani," alisema mwalimu, kijana alipokwisha kuondoka. "Wake na wetu."

Siku hiyo tulifika mapema kuliko wachezaji. Jua lilikuwa kali na chuma cha mabenchi kilichoma. Mwalimu alikuwa amefunga duka, jambo ambalo mkewe alituambia halifanyi hata akiumwa. Kijana alipanda kwenye kichuguu bila kutuangalia.

Mrusho wa kwanza ulipita juu. "Bol!" akasema mwamuzi. Tulikaa kimya. Niliona mama wa vigelegele akijiziba mdomo kwa kanga. Dada alisema, si kwa nguvu, kama anavyosema na wagonjwa, "Inayokuja."

Inayokuja ilikuwa ndani. "Ndani," tukaitikia kwa pamoja, sauti ya chini, kama watu waliozoea kuitikia sala. Ya pili ndani. Ya tatu mpigaji alipunga rungu hewani, nasi tukamwambia, "Kaa!"

Yule mpigaji alitutazama kama aliyeitwa jina. Akaenda akakaa. Wenzake kwenye benchi walicheka, na wa pili alipokosa wao ndio waliotangulia: "Kaaa!" Walikuwa vijana wa Kizungu, wa Kichina, wa Kihindi, na neno hilo liliwakaa vizuri mdomoni kama wamezaliwa nalo Kigoma.

Kisha ikaja ile hali. Vituo vyote vitatu vilijaa, kama Oktoba. Nje, nje, nje. Bol moja zaidi na pointi ingeingia, na nafasi ya siku ya kwanza ingekwenda kwa mwingine aliyekuwa akipasha mkono moto kando ya uzio. Kamba ya bendera ilikuwa ikigonga mlingoti, na tuliisikia. Shosho alikuwa amefumba macho. Sijui dada alijizuiaje asisimame. Alisema tu, "Inayokuja, baba."

Kijana alishuka kwenye kichuguu. Kwa mara ya kwanza siku ile alitazama tulipokaa, akamtafuta mama yake, akamwona. Akapanda tena.

Ndani. Mpigaji hakugusa.

Ndani. Aligonga ukaenda pembeni, na huo nao huhesabiwa ndani.

Ule wa mwisho ulitoka mkononi kama unaelekea begani kwa mpigaji, kisha ukabadili nia na kuingia chini, na rungu likapita juu yake. Sikusikia mwamuzi alisema nini. Tulikuwa tumeshasimama, na kina mama, na mwalimu, na benchi la wachezaji, wote tukimwambia mpigaji, kijana wa watu, akae, na vigelegele vikapaa, safari hii mahali pake hasa. Shosho alifumbua macho akauliza, "Ni nini? Ni nini?" Nikamwambia ni ndani. "Nilijua," akasema. Mwalimu alikuwa amevua miwani na hacheki.

Kocha alimpa nafasi kabla hajavua glavu.

Tulimsubiri maegeshoni. Alikuja na mfuko wake begani, jasho na udongo mpaka masikioni, akapeana mikono na kila mtu, akianza na Shosho, ambaye alimwambia mkono wake wa kushoto unaning'inia vibaya anaporusha. Akasema atautazama. Kisha akasimama mbele ya mama yake, ambaye alikuwa anafungua buti ya gari ili asionekane analia.

"Mama, Jumamosi za Septemba unafanya kazi?" aliuliza. Kiswahili, polepole, neno kwa neno.

"Nilishaziombea ruhusa tangu Mei."

"Mei mimi sikuwa nimesema mje."

"Najua," dada alisema, akamtoa udongo sikioni kwa kidole gumba. "Tulikuwa tunakusubiri."